Mbuzi Wasiokatwa Masikio

Kikima kuna baridi, na mbuzi aliyezaliwa Mutomo haipendi. Ninamkumbuka mbuzi wangu wa kwanza akitetemeka asubuhi, na baba akimfunika gunia mgongoni na kulifunga chini ya tumbo kwa kamba ya katani. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama njiani kumtazama. Baba yangu mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu, alipita siku moja na jembe begani akasema, "Ndugu yangu, na viatu utamnunulia lini?"

"Akianza shule," baba akajibu, na kuendelea kufunga fundo.

Mbuzi huyo alikuwa amekatwa ncha ya sikio la kushoto, ikabaki kama mdomo wa ndege uliofunguka. Mbuzi wengine wote wa mlimani petu walikuwa na mkato mmoja kando ya sikio la kulia. Kwetu Ukambani kila ukoo una alama yake ya kukata mifugo, na mtoto huijua alama ya kwao kabla hajajua kusoma. Mimi nilijua mbili. Nilidhani kila mtoto anazo mbili.

Mama aliyenilea hakunizaa. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya misheni kule Mutomo, mbali na mumewe aliyekuwa amebaki Kikima kutunza shamba. Walikuwa wameoana miaka mingi bila kupata mtoto. Mama yangu mzazi alikuwa msichana wa pale Mutomo, hajaolewa, na alifariki siku chache baada ya kunizaa. Nikabaki na mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye tangu nianze kusema nimemwita susu, kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Ng'ombe wa susu walikuwa wamekufa, na watu walikula mahindi ya manjano ya msaada. Hakuna maziwa yanayotoka kwenye mahindi ya manjano. Susu alikuwa akinibeba kila siku kwenda hospitalini kuniombea maziwa ya unga, na kila siku mfuaji wa mashuka alikuwa akinipokea ili susu apumzishe mgongo. Mwishowe susu akamwambia, "Kaa naye mpaka mvua inyeshe."

Maneno hayo mama amenisimulia mara nyingi sana. Kila akifika hapo anatabasamu, kwa sababu mvua iliponyesha mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kutembea, na nilitembea kumfuata yeye.

Mama alikuwa amerudi Kikima nami kwa ruhusa ya susu. Basi susu akaja kunichukua, kwa lori na kwa mabasi, akiwa na kiondo kitupu na leso mpya ya kunibebea. Mimi nilijificha nyuma ya gauni la mama. Susu alikaa nasi siku kadhaa. Alinipa ndizi, nikaipokea na kukimbia. Alinipa asali kwenye kidole chake, nikairamba na kukimbia. Siku ya kuondoka aliikunja ile leso na kuirudisha kwenye kiondo. Mama alilia, susu hakulia.

Baada ya mavuno alirudi akiwa na mbuzi jike mdogo, amembeba kama mtoto.

"Nimeona huyu hawezi kung'olewa," alimwambia baba. "Amekwisha kushika mizizi kwenu. Lakini hakai peke yake. Atakaa na huyu. Na watakaozaliwa na huyu, uwakate kama alivyokatwa mama yao, ili mtoto ajue alitoka wapi."

Baba alikubali. Hakuna mtu aliyeandika lolote. Tangu siku hiyo, kila mbuzi wangu alipozaa, baba alichukua wembe, akaosha mikono, na kukata alama ya ukoo ambao haukuwa wake, tena kwa uangalifu kuliko alivyowakata wa kwake.

Susu na wazazi wangu hawakuwa wakwe, wala ndugu, na hakukuwa na neno la kuitana. Basi wote pale nyumbani wakamwita susu, hata baba, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Susu naye alimwita baba "mwenye mbuzi".

Alikuja kila mwaka akishavuna ndengu. Kabla hajamsalimia mtu, alikuwa anakwenda kwenye zizi na kushika masikio ya mbuzi mmoja mmoja, kisha ndipo anakuja kunawa mikono na kusalimia. Mwezi wa Desemba mimi nilikwenda kwake. Huko nilijifunza kuchimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yajae taratibu, na kungoja bila kuyavuruga. Nilijifunza kutofautisha kwato za mbuzi na za swala. Jioni aliniambia nitaje babu zangu, nami nikawataja, na nikikosea aliniambia nianze tena. Hakunipiga hata siku moja. Alikuwa akisema, "Huyo uliyemruka amekasirika. Mrudie."

Niliporudi Kikima, mama alinipokea kwa kuninusa shingoni na kusema, "Unanuka moshi wa Mutomo," kisha akanichemshia maji ya kuoga. Sikuona kwamba kuna upande wa kuchagua.

Halafu baba akaanza kukohoa. Alikuwa amefanya kazi ujanani katika kiwanda cha katani, na vumbi la huko halikumtoka. Kulikuwa na wiki ambazo hakuweza kupanda matuta ya shamba lake bila kukaa chini. Wakati huohuo baba mdogo alianza kuzungumza habari za mipaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wengi na shamba dogo, na alikuwa na ulimi.

"Wewe unafuga mbuzi wa ukoo mwingine," alimwambia baba mbele yetu, akinywa chai yetu, "na msichana ni hivyohivyo. Akiolewa, mbuzi wa mahari watapanda basi waende Mutomo. Na wewe ukienda, huyu atarudi kwa nani?"

"Wakipanda basi watalipa nauli yao," baba akasema. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

Baada ya siku hiyo alianza kwenda mjini kuuliza habari za korti. Alitaka jaji anitangaze mtoto wake, ili akifa, mtu yeyote asije akatuondoa mama na mimi katika shamba lile.

Tulitembelewa na afisa wa watoto, mwanamke mpole aliyevua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Mimi nilikuwa jikoni nikipepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi, na mlango ulikuwa wazi.

"Jaji akishatia sahihi," alisema, "atakuwa kama aliyezaliwa na ninyi. Hakuna atakayeuliza tena."

Mama akasema, "Mungu asifiwe," na nikasikia sauti yake ikilegea.

"Na kule alikotoka, sheria haitamjua tena. Nyanya yake ndiye aliyebaki, kwa hiyo lazima akubali. Aje aweke kidole gumba kwamba tangu siku hiyo mtoto si wao."

Ungo wangu ulisimama hewani.

"Si wao kabisa?" mama akauliza.

"Kisheria, mama."

"Hakuna mahali pa kuandika kwamba nyanya yake yupo?" Huyo alikuwa baba.

"Hakuna mahali, mzee. Hata mimi nimewahi kuuliza. Si mimi niliyeandika." Akanywa chai yake, akasema atarudi kuona boma na kuzungumza na majirani.

Wiki hiyohiyo mbuzi wangu alizaa. Baba mdogo alikuja kuangalia, akasimama kwenye zizi akiwa ameweka mikono nyuma.

"Yule mama wa serikali akirudi ataona nini hapa?" alimwambia baba. "Ataona hata mbuzi wako wanasema mtoto si wako. Jaji ataandika nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mtoto wa mbuzi siku ya kukatwa. Nilimgeuza kichwa kama nilivyozoea, sikio la kushoto juu. Baba alinitazama, kisha akamgeuza upande wa pili, na wembe ukapita kando ya sikio la kulia. Nilidhani amesahau. Lakini hakuniambia neno la kuchekesha kama kawaida yake.

Susu alifika siku chache baadaye kwa ajili ya korti, akiwa na ndengu na asali ndani ya kitete, kile kibuyu kidogo. Mama alikuwa amemwambia habari ya kidole kwa kutuma watu wa kanisa waliokuwa wakienda huko, na susu alikuwa amejibu kwamba atakuja, atasikia kwa masikio yake. Alikwenda kwenye zizi kwanza. Nilimfuata. Alimshika mkubwa, akamshika wa pili, akamshika yule mdogo. Vidole vyake vilikaa pale sikioni muda mrefu.

Aliingia ndani, akanawa, akasalimia wote, akanywa chai mpaka chini ya kikombe. Ndipo akauliza, "Yule mdogo nani alimkata?"

"Ni mimi, susu," baba akasema.

"Wembe uliteleza?"

"Hapana."

Susu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei sokoni na kuona haiwezi. "Basi mwenye mbuzi, mimi nilikuwa nimetoka Mutomo kuja kusikia nitaulizwa nini. Kumbe jibu limekwisha kuandikwa."

Mama alijaribu kusema. Susu alimshika mkono na kumwambia, "Wewe sina neno nawe." Asubuhi alifunga kiondo chake. Kitete cha asali alikiacha. Alinishika kidevu, akanitazama, akasema, "Wataje babu zako hata kama hakuna anayekuuliza." Kisha akateremka kwenda kituoni, na hakwenda kortini.

Siku zile nilikuwa na umri wa kuelewa. Susu asipoweka kidole, baba atakufa na hofu yake. Akiweka, siku hiyo atakuwa mgeni kwangu. Nililala nikiwa nimemshika mama kama mtoto mdogo, ingawa miguu yangu ilikuwa imekwisha kufika mwisho wa kitanda.

Baba hakula vizuri. Alikaa kwenye zizi akimwangalia yule mbuzi mdogo, ambaye alikuwa mchangamfu na hakujua lolote, akirukia magoti yake. Jumapili baada ya ibada alimwambia mama, "Tayarisha nguo. Tunakwenda Mutomo. Sote."

"Na kifua chako?"

"Kifua nacho kitakuja."

Tulimbeba yule mbuzi katika kiondo, kichwa nje. Utingo wa basi akauliza, "Mzee, huyu analipiwa?"

"Huyu ndiye mwenye safari," baba akamwambia. "Sisi tunamsindikiza." Watu wakacheka, na utingo akamwacha.

Kwa susu tulimkuta mjomba wangu, kaka wa mama aliyenizaa, pamoja na wazee wawili wa ukoo walioletwa na susu, maana alikuwa amesikia kwamba tuko njiani. Kule kwa mbuzi na ng'ombe wengi, habari hutembea pamoja na wachungaji. Susu alituwekea vigoda. Aliomba mzee mmoja atuombee, akaomba, tukasema amina. Kisha kila mtu akamtazama baba.

Baba hakujua kusema mengi. Alimtoa mbuzi kwenye kiondo na kumweka mbele ya susu.

"Nilimkata kwa woga," alisema. "Si kwa dharau."

"Woga wa nini?"

"Wa kufa. Nife nimwache mtoto hana mahali pa kurudi."

Susu alimvuta yule mbuzi kwake na kumkuna kati ya pembe ambazo zilikuwa bado hazijaota.

"Na mimi," akasema, "unadhani nilikuletea mbuzi kwa sababu gani? Nilimzika mama yake. Sikujua mimi nitaishi mpaka lini. Nikasema, nikienda, huyu mtoto ataambiwa na nani? Mbuzi atamwambia." Akamtazama baba usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mwenye mbuzi, woga wako na wangu ni mmoja. Tatizo ni kwamba wewe uliuficha mpaka ukafika kwenye wembe."

Mama yangu alianza kulia, na safari hii susu alilia pia, kidogo, akifuta kwa pindo la leso.

Lakini sikio likishakatwa halirudi. Wazee walizungumza, na mjomba akauliza huyu mbuzi awe wa nani, maana hawezi kuitwa wa kwao tena na baba naye hamtaki. Susu ndiye aliyekata shauri. "Ana njia moja tu," alisema. Mjomba akaondoka naye nyuma ya nyumba. Nilihuzunika, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimempakata njia nzima. Lakini nilikula.

Nyama ilipoiva, kila mtu alipewa kipande chake kwa kadiri ya heshima yake. Baba aliletewa kwenye kisahani sikio la kulia, limechomwa, dogo kama kitufe cha koti.

"Hilo ni lako," susu akamwambia. "Ulilikata mwenyewe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Baba alilitafuna taratibu, macho yamejaa maji, akasema, "Tamu. Chumvi tu imepungua."

Ndipo susu akasema neno lake. Ataweka kidole. Lakini baba aseme mbele ya watu hawa kwamba nitajua ukoo nilikotoka, nisije nikaolewa humohumo bila kujua, na kwamba Desemba itabaki yake. Baba akasema. Mama naye akasema, ingawa hakuulizwa.

"Na mbuzi," susu akaendelea, "watakaozaliwa tangu leo, wewe usiwakate, na mimi sitawakata. Waache na masikio yao. Mtoto akikua atawakata mwenyewe. Akikata alama yako sitalia. Akikata yangu, wewe usinune."

"Na wakipotea? Mbuzi bila alama atajulikanaje?"

"Watu wote watajua ni wa nani," susu akasema. "Ni nani mwingine mwenye mbuzi wa namna hiyo?"

Kortini nilivaa viatu vya jirani vilivyonibana. Jaji alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Aliuliza kwa Kiswahili, na karani akamgeuzia susu kwa Kikamba, ingawa susu alikuwa ameelewa sehemu kubwa.

"Unaelewa kwamba baada ya leo, kisheria, wewe si nyanya wa mtoto huyu?"

Susu alimsikiliza karani mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na yeye, anaelewa kwamba mimi ni nyanya yake?"

Karani alisitasita. Jaji akamwambia aseme tu alivyoambiwa. Aliposikia, aliweka kalamu chini. "Mwambie naelewa," akasema. "Mwambie sheria haina mahali pa kuandika hilo."

"Basi andikeni mnachoweza," susu akasema, na akatoa kidole.

Tulipotoka nje alifuta wino kwenye pindo la leso yake. Ilikuwa ileile aliyoikunja miaka ile. Doa la zambarau halikutoka kamwe, na hakujaribu sana kulitoa.

Baba hakufa. Anakohoa, anapumzika, anaendelea. Baba mdogo aliposikia habari ya korti alikuja na kuku mkononi, akasema alikuwa anatania tu. Siku hizi mbuzi wangu anapoingia kwenye mahindi yake, humrudisha mwenyewe na kuita getini, "Chukueni huyu wenu ambaye hajamaliza shule." Kila mtu Kikima anawajua mbuzi wangu. Hakuna hata mmoja aliyepotea.

Nilimaliza darasa la nane na kubaki nyumbani kumsaidia mama. Hivi karibuni chifu aliita baraza, kwa sababu serikali inataka kuandika upya sheria za watoto, na wageni waliokuja waliuliza wananchi wana maoni gani kuhusu watoto wa kulelewa. Watu walisema mengi, hasa juu ya mashamba. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, na mkono wangu haukuinuka. Sijawahi kuweza kusema mbele ya watu. Lakini ninaweza kuandika, polepole, na ninachotaka ni kidogo. Wasipunguze chochote cha yale baba aliyopewa na jaji, kwa maana mama na mimi tunalala salama kwa sababu hiyo. Waongeze mahali pa kumwandika nyanya. Mstari mmoja unatosha. Na mtoto akiwa na umri wa kuelewa, aulizwe.

Desemba iliyopita nilikwenda Mutomo na mbuzi jike mdogo, zawadi ya susu. Macho yake yamefifia sasa, anaona mwanga na vivuli. Alinisikia mlangoni, akanyoosha mikono, na nikajua hanitafuti mimi kwanza. Nikamwekea mbuzi magotini. Vidole vilipanda shingoni, vikafika sikio la kushoto, vikapita mpaka ncha. Vikahamia la kulia, taratibu, ukingo wote.

"Bado?" akauliza.

"Bado, susu."

Wembe uko Kikima, dirishani, umefungwa kwenye karatasi. Baba huubadilisha ukishika kutu, na hanisemeshi juu yake.

"Hakuna haraka," susu akasema, akimkumbatia mbuzi wake. "Haya, njoo ukae hapa. Nitajie babu zako."

Nikakaa, nikaanza. Nikataja wa kwake, na nilipomaliza, hakuninyamazisha, nikaendelea na wa Kikima.